Dakika Thelathini hadi Zahanati

Baba yangu ana umri wa aina mbili, wa nyumbani na wa serikali. Wa serikali ni miaka sitini na minane. Wa nyumbani sikuujua mpaka wiki ile ya Januari 2038, nilipomkuta barabarani akikimbia.

Nilikuwa nimetoka Mbeya mjini alfajiri kwa sababu Mama Gwantwa, jirani yake kule Tukuyu, alinipigia simu mara tatu kwa siku moja. Mama Gwantwa si mtu wa kupiga simu. Yeye hubipu, ukampigia wewe. "Tusekile, njoo umwone mzee wako," alisema. "Kila asubuhi anakimbia kwenda zahanati. Haumwi. Akifika anagusa mlango, anaangalia saa, anarudi nyumbani."

Nilimkuta kwenye kipande cha mwisho cha mlima, suruali kaikunja hadi magotini, mkononi ile saa ya mfukoni aliyoagwa nayo alipostaafu ustesheni masta. Midomo ilikuwa imepauka. Nilisimamisha gari nikamwita, hakugeuka mpaka alipogusa mlango wa zahanati.

"Arobaini na moja," alisema akitweta. "Wiki iliyopita ilikuwa arobaini na nne."

"Arobaini na moja nini, baba?"

"Dakika. Zinatakiwa thelathini, mwanangu. Zikizidi hapo tutamkuta ameshakata roho."

"Tutamkuta nani?"

Alinishangaa kidogo. "Mama yangu. Akianza kukohoa damu, mimi ndiye nitakayetumwa kumwita tabibu. Na mimi nitasimama njiani nicheze. Ndiyo maana najizoeza sasa, kabla siku yenyewe haijafika."

Bibi yangu alikufa zamani, mimi sijazaliwa bado. Jina langu ni lake. Na kwa kuwa nina jina lake, baba hajawahi kuniita Tusekile. Tangu nikiwa mchanga ananiita mama, kama watu wa kwetu wanavyomwita mtoto aliyerithi jina la mzazi aliyefariki. Pale mlangoni pa zahanati ndipo nilipotambua kwamba huu ulikuwa mwezi wa pili ananiita mwanangu, na mimi, kwa shughuli zangu nyingi, sikuwa nimesikia tofauti.

*

Niseme mapema kwamba kosa ni langu, ili msomaji asihangaike kumtafuta mwingine.

Kazi yangu ni kutunza saa, lakini si za ukutani. Natunza saa iliyo ndani ya ushanga. Ushanga ni kidude kidogo kuliko punje ya mahindi, hupandikizwa nyuma ya sikio la mtu ambaye ugonjwa umemharibia sehemu ya ubongo inayopanga kumbukumbu. Baba aliupata mwaka 2036, baada ya homa ya ubongo kumwacha hajui kama amekula au bado. Kila jambo linalomtokea, ushanga hulipiga muhuri wa wakati, na akilala huurudishia ubongo mambo yote kwa mpangilio, lililotangulia na lililofuata. Hata kumbukumbu za zamani huzipitia katika miezi ya mwanzo na kuzipiga muhuri kwa kukadiria. Ubongo wenyewe haujui mwaka. Unajua nyuma na mbele, basi.

Muhuri huo ni namba tu: sekunde zilizopita tangu tarehe mosi Januari 1970, siku ambayo kompyuta nyingi za dunia huanzia hesabu. Waliotengeneza ushanga walibana nafasi, wakaipa namba hiyo biti thelathini na mbili, yaani vijinafasi vya sifuri au moja, na moja kati ya hizo ni ya alama ya hasi, kwa ajili ya mambo ya kabla ya 1970. Zinazobaki zinatosha sekunde bilioni mbili na ushee. Zinajaa tarehe 19 Januari 2038, saa kumi na mbili na dakika kumi na nne asubuhi kwa saa za kwetu. Sekunde inayofuata namba inapinduka, kama mita ya pikipiki iliyofika mwisho, na ushanga unaamini uko mwaka 1901. Watu elfu mbili mia tatu na kumi na sita wangeamka Jumanne hiyo wakiwa hawawezi kushika jambo lolote jipya, kwa kuwa kila jipya lingepangwa nyuma ya kuzaliwa kwao.

Dawa ilikuwepo. Ndani ya ushanga kuna fyuzi ndogo. Ukiichoma, ile biti ya alama ya hasi inageuka kuwa biti ya kuhesabia kama wenzake, namba inapata uwezo mara mbili, na ushanga unakwenda salama hadi mwaka 2106. Hakuna upasuaji, amri inapita hewani mgonjwa akiwa amelala. Ila fyuzi ikiungua imeungua, na kuanzia hapo ushanga haujui tena kitu kinachoitwa kabla ya 1970. Muhuri wa zamani wenye alama ya hasi unasomwa kuwa namba kubwa kupita zote, yaani jambo ambalo halijatokea bado. Na muhuri haubadilishwi. Tuliufanya hivyo makusudi, asije mtu akamchezea mwenzake tarehe za maisha yake. Kumbukumbu unaweza kuifuta, lakini kuipa tarehe nyingine huwezi.

Kwa wazee tuliandaa njia nyingine, ya kuupanua muhuri wenyewe kwa kuondoa baadhi ya kumbukumbu ili nafasi ipatikane. Ilichukua wiki tatu, mgonjwa akichagua mwenyewe cha kuacha, na ilikuwa lazima ifanyike kabla ya fyuzi. Kwa hiyo mwezi Novemba niliiuliza orodha ya wagonjwa swali moja: nani amezaliwa kabla ya 1970? Orodha ikajibu kwamba hakuna. Nikasaini. Tarehe tatu Desemba tulichoma fyuzi zote.

Mimi, mtoto wa mtumishi wa umma, niliyekulia nchi hii, niliamini tarehe ya kuzaliwa iliyoandikwa kwenye fomu.

*

Jioni ile nilimwekea baba kisomeo cha ushanga nyuma ya sikio wakati akila kande. Kwenye skrini yangu zilitokea kumbukumbu mia mbili na kumi na mbili zenye mihuri ya zaidi ya bilioni nne. Nilizihesabu mara mbili.

"Baba, umezaliwa mwaka gani?"

"Sabini. Januari mosi."

"Nauliza ule wa nyumbani."

Alicheka, akaweka kijiko chini. "Chuo cha reli kilitaka vijana wasiozidi miaka ishirini na miwili. Mimi nilikuwa na ishirini na tisa. Karani kaniuliza, nikamjibu sabini, Januari mosi. Usinitazame hivyo. Nusu ya darasa letu tulizaliwa Januari mosi."

"Na kwa kweli?"

"Sitini na tatu, mwezi wa nane. Siku yenyewe siijui."

Alikuwa na miaka sita mama yake alipofariki, Septemba 1969. Kila alichokuwa nacho cha mama yule kilikuwa upande wa hasi: harufu ya kanga yake, wimbo wa kubembeleza, siku aliyomchapa kwa kumwaga maziwa, yote mia mbili na kumi na mbili. Sasa vyote vilikuwa mbele yake, kwa mpangilio uleule. Mama angekuja, angemwimbia, angeugua, angekufa. Maisha yake yote baba alijua ni yatima kwa sababu ya siku chache za msiba ule. Siku hizo zilipohamia mbele, ubongo uliziba pengo kwa namna yake. Mama yuko safari.

Nilimpigia Daktari Ghati, mkuu wetu wa upande wa tiba, mtu asiyepaka maneno sukari.

"Nimeona vipimo vya moyo wake," alisema. "Akiendelea kupanda mlima ule mbio, mwezi hauishi."

"Nifanye nini?"

"Zifute zote. Ataacha kukimbia siku hiyohiyo."

"Nikizifuta zote hatakuwa amewahi kuwa na mama."

"Atakuwa hai, Tusekile. Hata hivyo huwezi kufuta peke yako. Mwenye ushanga ndiye anayeamuru, baada ya kuambiwa kinachofutwa, kwa saini yake. Sheria hiyo uliiandika wewe."

Ijumaa nilimficha viatu. Alikimbia pekupeku. Jumamosi Mama Gwantwa na mwanawe walimleta wamemshika huku na huku, ameanguka kwenye kona akirudi, goti limechubuka hadi mfupa unaonekana. Wakati namsafisha aliniomba samahani. Alisema bado zilikuwa arobaini.

*

Jumatatu mchana nilikaa naye sebuleni, mguu wake juu ya stuli. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno ya kitaalamu, yakaniishia palepale.

"Baba, bibi haji. Alishakufa. Ulikuwa na miaka sita."

Nilimwonyesha skrini. Nikamweleza fyuzi, namba, alama ya hasi, swali nililoiuliza orodha na jibu lake. Alisikiliza kama alivyokuwa akisikiliza simu za stesheni, bila kukatiza. Nilipomaliza alifungua kifuniko cha saa yake, akakifunga.

"Nilijua kuna kitu," alisema. "Kila nikimwona anakuja, amevaa nguo za zamani."

Kisha akauliza, "Nilichelewa?"

"Ulikuwa mtoto, baba."

"Sikuulizi nilikuwa nani. Nakuuliza nilichelewa au sikuchelewa."

Nilirudi kwenye mihuri. Ushanga unaweza kukosea mwaka, lakini mambo yaliyofuatana siku moja huyapanga vizuri sana. Muhuri wa kutumwa, sauti ya shangazi mlangoni. Muhuri wa daraja la miti, watoto wenzake wakishindanisha vijiti majini. Muhuri wa kuondoka darajani. Muhuri wa mlango wa zahanati. Nilitoa namba moja kwa nyingine, nikarudia, nikarudia tena kwa karatasi.

"Pale darajani ulisimama dakika nne," nilimwambia.

"Haiwezekani."

"Sekunde mia mbili thelathini na nane. Hazifiki hata nne."

"Nilicheza nusu siku, mama. Nakumbuka jua lilikuwa limehama."

Alikuwa ameniita mama. Nilijikaza nikaendelea. "Tabibu alikuambia nini alipofika nyumbani kwenu?"

"Alisema wangemwita nusu saa kabla, angemwahi."

"Nusu saa, baba. Wewe ulisimama dakika nne. Hata usingesimama kabisa, asingepona."

Baba alilia. Sikuwa nimewahi kumwona akilia, si alipomzika mke wake, si alipougua. Alilia kwa sauti ndogo ya kitoto ambayo sikujua anayo, na mimi nililia naye, kwa sababu kumbe miaka sitini na minane alikuwa akiishi na kosa ambalo hakulitenda, na hajamwambia mtu, wala mama yangu.

Alipotulia nilimweleza yaliyowezekana. Kuacha yote yalivyo, na akilala na kuamka, ubongo utamrudisha barabarani; habari niliyompa leo haiwezi kushindana na mihuri ile. Kufuta zote mia mbili na kumi na mbili, na mama aondoke mzima mzima. Au kufuta zile za ugonjwa na maziko peke yake. Zilikuwa kumi na tisa.

"Nikifuta hizo kumi na tisa?"

"Utabaki unamsubiri. Atakuwa mtu anayekuja, na haugui."

"Na haya mazungumzo ya leo?"

"Lazima nayo yafutwe, na zile mbio zako za kila asubuhi pia. Ukibaki nayo utajua amekufa, utaanza tena kutafuta alikufaje."

"Na zile dakika nne?"

Nilimsogezea fomu ya idhini ya kufuta. Alielewa.

"Miaka yote nimezitafuta," alisema polepole. "Nimekaa nazo, ngapi, robo saa?"

"Baba, kuna jambo moja linanisumbua kuliko yote. Nikifanya hivi utakuwa unamngojea mtu asiyekuja, na aliyekufanyia hivyo ni mimi. Nitakuwa nakuona kila siku nikijua. Huo ni uongo."

"Uongo niliuanza mimi kwa karani." Alijaribu kutabasamu. "Mama, nimekaa stesheni miaka thelathini na minane. Kungojea nakuweza. Unakaa, unafagia, unatazama reli. Kisichowezekana ni kupokea simu kwamba treni limeanguka, halafu kuipokea tena kesho, na kesho kutwa."

"Kwa hiyo?"

"Nikishasahau, nani atakuwa anajua kwamba amekufa?"

"Mimi."

"Na dakika nne?"

"Mimi."

"Basi atakuwa na mtu." Alivuta fomu akaivalia miwani. "Amelala nyuma ya zahanati, wa tatu kutoka ukutani. Hakuna msalaba. Niliona haya kuuweka. Nikawa kila mwaka nasema mwaka ujao."

Fomu ilikuwa na mstari wa tarehe ya kuzaliwa. Alishika kalamu juu yake muda mrefu, kisha akaandika Agosti 1963, kwa ule mwandiko wake wa kitabu cha treni, kila herufi imesimama. Nilifikiri ndiyo mara ya kwanza kuiandika maishani mwake.

Hakutaka nianze mara moja. Aliomba chai. Tulikunywa pamoja mpaka kiza kilipoanza kuingia, akinieleza habari za bibi ambazo sikuwahi kuzisikia: kwamba alikuwa mfupi, kwamba alipenda kubishana na wauza samaki, kwamba alikuwa akicheka hadi anashika ukuta. Katika jioni ile aliniita mama mara kumi na moja. Nilizihesabu bila kutaka, ndiyo kazi yangu. Alipolala nilifuta zile kumbukumbu kumi na tisa na zile za mbio, na ya mwisho ilikuwa hiyo jioni yenyewe.

*

Jumanne asubuhi nilikaa jikoni na skrini mbele yangu. Saa kumi na mbili na dakika kumi na nne ilifika, sekunde ya saba, ya nane. Namba ilivuka ile bilioni mbili na ushee na kuendelea, haikupinduka. Daktari Ghati alipiga simu kabla chai haijachemka.

"Wote elfu mbili mia tatu na kumi na sita," alisema. "Umefanya kazi nzuri."

Nilimshukuru, nikakata.

Baba alikuwa ameshaamka. Alikuwa amekaa barazani, ameoga, shati limepigwa pasi, mguu wenye bandeji ameunyoosha. Viatu vya kukimbilia vilikuwa kando ya mlango na hakuvitazama.

"Umelalaje, baba?"

"Salama, mwanangu. Goti hili nimejigonga wapi?"

"Ulianguka pale kwenye kona."

"Nilikuwa nakwenda wapi?"

"Kutembea tu."

Aliridhika. Kisha akaniomba nimletee kiti kingine kutoka ndani, kile chenye mto. Nikamuuliza ni cha nani, ingawa nilijua.

"Cha mama. Akija asikose pa kukaa." Akakivuta karibu na chake, akakipangusa vumbi kwa kiganja. "Una jina lake wewe, unajua? Mtafurahi kuonana. Anapenda kubishana, utamwona."

"Nitafurahi, baba."

Alinitazama usoni. "Mbona unalia?"

"Moshi wa jikoni."

Alitoa saa mfukoni, akaigeuzageuza, akanikabidhi. "Shika wewe. Mimi siku hizi sina haraka ya kwenda popote."

Nilimwomba Mama Gwantwa akae naye. Nilinunua nusu mfuko wa saruji dukani, nikamlipa fundi atangulie nao kwa pikipiki pamoja na msalaba wa mbao wenye jina la bibi, ambalo ni jina langu. Fundi aliusoma, akanitazama. Mimi nilikwenda kwa miguu.

Darajani nilisimama. Siku hizi ni la zege, lakini maji ni yaleyale, yanapita kwa kasi kwenye mawe. Niliokota vijiti viwili nikaviangusha pamoja upande wa juu, nikaenda upande wa chini kuona kipi kitatangulia, huku nimeishika saa ya baba mkononi. Nikaviangusha vingine. Nilipotazama, dakika nne zilikuwa zimekwisha.

Ni muda mfupi sana. Jua halikuwa limehama hata kidogo. Niligeuka kutafuta mtu wa kumwambia, na yule baba aliyezitafuta miaka yote hakuwepo tena.